Diski Iliyotafutwa kwa Tabita

Mgambo Jofrey alipotumwa na mtendaji wa kijiji akapekue nyumba ya Tabita aliitikia kwa sauti ya gwaride, akagonga kisigino, akapanda kilima bila kugeuka nyuma. Alipofika mlangoni ndipo alipokumbuka kwamba kitu alichotumwa kukitafuta hajawahi kukiona tangu azaliwe. Aliambiwa kinaitwa hadidiski, ni cha kompyuta ya shule, kimeibwa. Kama ni kikubwa kama debe au kidogo kama kibiriti, hakuuliza, maana mgambo aliyezoea kutumwa haulizi.

"Kinafananaje hicho kitu, mwanangu?" akauliza Enesi, mama mkwe wa Tabita, aliyekuwa uani akigeuza kahawa kwenye kichanja.

"Nikikiona nitakijua, mama."

Upuuzi ukivaa sare huwa hauna aibu. Enesi alimfungulia mlango mwenyewe, mpaka na wa stoo, akasema nyumba yake haina cha kuficha. Jofrey akamwaga sakafuni magunia mawili ya mahindi ya mbegu. Akageuza magodoro. Akafungua sanduku la Tabita, akazitoa nguo zake za ndani moja moja kwa ncha ya fimbo, huku shemeji zake wawili na majirani waliokuja kuchungulia wakitazama. Tabita alisimama pale pale kwenye ukuta, mikono ameifumbata kifuani, akajiapiza kwamba hatalia mbele ya fimbo ile. Hakulia, lakini mashavu yalimwaka kama mtu aliyekaa karibu mno na moto.

Jofrey hakutaka kurudi mikono mitupu. Akabeba redio ya Anyosisye, mume wa Tabita, ile anayoisikiliza shambani wakati wa kuchuma kahawa. Akabeba chaja ya simu na betri ya taa ya sola. Kwa hesabu yake, kimojawapo lazima kingekuwa hadidiski. Akawaambia wasiguse kitu mpaka uchunguzi ukamilike, akashuka kilima na redio begani, nayo, kwa kuwa alikuwa amegusa swichi bila kujua, ikawa inatoa matangazo ya vifo njia nzima.

* * *

Jambo lenyewe lilianza Jumatatu ile, siku shule ilipofunguliwa baada ya likizo ya mwezi wa sita. Tabita alikuwa karani wa Shule ya Sekondari Halengwa, huko juu kati ya Nanyala na Ihanda. Walimwita karani wa kujitolea, maana yake afanye kazi ya mwajiriwa na alipwe shukrani. Miaka sita alichapa mitihani, barua, orodha za wanafunzi na mihtasari ya vikao, akaahidiwa ajira na kila mkuu wa shule aliyepita hapo. Wakuu wa shule walihama na ahadi zao.

Asubuhi hiyo alifungua ofisi, akaondoa kitambaa alichokidarizi mwenyewe cha kufunika kompyuta, akaona kilikuwa kimegeuzwa ndani nje. Katikati yake palikuwa na doa la rangi ya waridi lililokauka. Vitufe vya kibodi vilikuwa na mafuta, kama vimeshikwa na mtu aliyetoka kula maandazi. Spika mbili ndogo zilizokaa huku na huku pembeni mwa kioo hazikuwepo. Tabita akashangaa, lakini akawasha.

Feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi, kikatoa mstari mmoja wa Kiingereza uliosema kwamba diski haikupatikana. Akazima, akahesabu mpaka ishirini, akawasha tena. Mstari ule ule. Akabonyeza kitufe cha kuingilia ukurasa wa bluu, mahali ambapo kompyuta huorodhesha vitu ilivyonavyo tumboni. Kibodi imo, kisomea-sidii kimo. Kwenye nafasi ya diski palikuwa patupu. Humo kwenye diski ndimo zilimokuwa alama zote za kidato cha nne, za miaka miwili, na nakala nyingine hapakuwa nayo kwa sababu maombi yake ya kununuliwa flashi yalikuwa yakijibiwa "tutaona" tangu mwaka juzi.

Akaenda kuripoti yote, kitambaa, mafuta, spika na diski, kama mjinga mwaminifu.

Mwalimu Ferdinand, mkuu wa shule, alikuja na kikombe chake cha chai. Aliusoma ule mstari kwa sauti, mara mbili, kisha akasema kwamba kama kompyuta yenyewe imekiri haina diski, basi diski haimo, na kama haimo kuna aliyeitoa. Tabita akamweleza kwa upole kwamba mashine husema hivyo hata waya ukilegea tu, kwamba boksi likifunguliwa dakika tano itajulikana. Mkuu akaweka kidole kwenye stika ya rangi ya fedha iliyobandikwa pale mfuniko unapokutana na boksi: mali ya serikali, usifungue. Akasema kuichana stika ile ni kosa, mpaka aje mtaalamu kutoka wilayani, na mtaalamu huitwa kwa barua iliyochapwa. Ya kuchapia ilikuwa ndiyo hiyo iliyokufa.

"Lakini Mkuu, stika ni nzima," Tabita akasema. "Mwizi aliitoaje diski bila kuichana?"

"Wezi wa siku hizi wana mbinu, Mama Brenda."

Kisha akauliza funguo za ofisi ni ngapi, kana kwamba hajui. Zilikuwa mbili. Moja ya Tabita, nyingine kwenye droo yake mwenyewe, nayo akasema haijatoka humo tangu Pasaka. Akaandika kwenye daftari: diski moja, spika mbili. Tabita aliona jina lake likiandikwa chini ya maneno hayo.

Kesho yake mstarini, mbele ya wanafunzi mia nne waliosimama kwenye baridi ya mwezi wa saba, mkuu alitangaza kwamba kuna mama waliyemwamini ameuza diski ya shule. Hakutaja jina. Alisema tu ni yule anayeshika ufunguo wa ofisi. Basi macho mia nane yakageuka kumtazama Brenda, binti wa Tabita, aliyekuwa mstari wa pili wa kidato cha pili. Mtoto aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake mpaka wimbo wa taifa ukaisha. Mtu mzima akitaka kukudhalilisha hana haja ya kukutaja, atamtafuta mwanao.

Tarehe ya mwisho ikawekwa. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazazi. Diski isipokuwa imerudi siku hiyo, Tabita angekabidhiwa polisi mbele ya watu wote.

Nacho kijiji hakikusubiri Jumamosi. Tabita alikuwa na kaka, Anania, anayefanya biashara Tunduma, anayevusha vitu Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi navyo, kama nusu ya watu wa mpakani wanavyofanya. Hilo likatosha. Kisimani wakasema diski imeshavuka. Mnadani Nanyala wakasema imeuzwa kwa kwacha. Mama mmoja wa kwaya, ambaye kompyuta ameiona benki tu kwa upande wa nyuma, alisema diski ya namna ile ina dhahabu ndani na ndiyo maana Wazambia wanaitaka. Lisemwalo lipo, wakasema, na wakiishasema hivyo hakuna tena anayetaka kwenda kutazama kama lipo kweli.

* * *

Jioni ile ya kupekuliwa Anyosisye alirudi kutoka shambani na kikapu cha kahawa mgongoni, akawakuta mke wake na mama yake wamechuchumaa wanaokota mahindi ya mbegu sakafuni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alitazama kile kitanda kilichogeuzwa, akatazama msumari mtupu ukutani alipokuwa akitundika redio, akaketi kwenye kigoda bila kuvua kofia.

Alisema kwamba amewaza jambo njiani. Yule nguruwe jike angeuzwa, diski nyingine inunuliwe Mlowo au Tunduma ipelekwe shuleni, na maneno yaishe.

"Hayataisha," Tabita akasema. "Ndiyo kwanza yatakuwa kweli. Nani analipa kitu asichokiiba?"

"Watu wengi," Anyosisye akajibu. "Watu kama sisi hulipa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mbolea. Na kwa sababu ilikuwa kweli, Tabita alikasirika kuliko alivyokasirikia ile fimbo. Akamwambia mumewe kwamba nguruwe yule hatoki bandani, na kama ni polisi, basi na waje, yeye ataenda kwa miguu yake mwenyewe.

Enesi alikuwa bado amechuchumaa. Aliendelea kuokota punje, akizipuliza vumbi na kuzitia kwenye ungo. Mwishoni akasogea karibu na mkwewe, akashusha sauti.

"Mwanangu, sasa tuko sisi watatu tu. Kama ulikichukua kwa sababu ya shida, sema. Mimi sitakuhukumu."

Tabita alimtazama. Miaka kumi na saba walikuwa wamekaa pamoja, wakapika chungu kimoja, wakazika baba mkwe pamoja. Ya mkuu ilimchoma mbele ya watu, hii ilimchoma ndani, mahali ambapo mtu hana mahali pa kuficha uso. Alichukua ungo wake akahamia upande wa pili wa chumba, akaendelea kuokota mahindi peke yake. Enesi akajua amekosea, lakini neno likishatoka halirudi, na wazee hawajafundishwa kuomba radhi kwa watoto.

* * *

Alhamisi Tabita aliitwa ofisi ya mtendaji wa kijiji, vielelezo viandikwe. Mtendaji alikuwa na fomu yenye nafasi ya jina la kitu, na hapo ndipo alipokwama. Vitu vitatu vilikuwa mezani, mwizi alikuwa kwenye benchi, lakini hapakuwa na mtu wa kusema kipi ni kipi. Ikabidi aitwe Gasper, fundi redio mwenye kibanda kando ya barabara kuu pale Nanyala, ambaye madereva wa malori humwachia redio zao wakienda mpakani.

Gasper aliingia akipangusa mikono kwa kitambaa chenye petroli. Akatazama meza. Akasema hii ni redio, hii ni chaja, na hii ni betri ya sola ambayo imekufa, anayependa na aizike.

"Na hadidiski ni ipi?" mtendaji akauliza, kalamu mkononi.

"Hapa haipo."

Jofrey, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashauri kwamba labda imefichwa ndani ya redio. Gasper akatoa bisibisi, akaifungua redio mbele yao, akawaonyesha: spika, koili, nyumba ya mende mmoja. Akaifunga tena. Kisha akauliza kama kuna aliyefungua boksi lenyewe la kompyuta kutazama. Mtendaji akataja stika.

Gasper akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mmefungua nyumba ya watu. Mmefungua sanduku la mama wa watu. Sasa hivi nimefungua redio ya watu. Boksi mnalosema limeibiwa, ndilo pekee hamjafungua?"

Mtendaji alikuwa mtu anayejua kunawa mikono. Akasema jambo hilo ni zito, liamuliwe na mkutano, chini ya Mzee Osea, mwenyekiti wa bodi ya shule. Tabita akamfuata Gasper nje, akamwomba aje Jumamosi na bisibisi yake. Gasper akamwambia ukweli wake: yeye ni wa redio, kompyuta amefungua tatu tu maishani, mbili ndizo zilizopona.

"Njoo hivyo hivyo, fundi," Tabita akasema. "Mimi najua inavyosema kwenye kioo. Wewe unajua nyaya. Tukijumlishwa labda tutakuwa mtu mmoja mzima."

* * *

Jumamosi wazazi walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, wakiwa wamejifunika mashuka na makoti, maana upepo wa kilimani ulikuwa unachoma mifupa. Meza iliwekwa mbele, wakaketi Mzee Osea, mkuu wa shule na mtendaji. Brenda alikuwa amekataa kubaki nyumbani, akasimama nyuma na wenzake. Hatua mia mbili hivi kutoka hapo ilionekana nyumba ya mkuu wa shule, yenye bati jipya na mapazia yaliyofungwa.

Mwalimu Ferdinand alizungumza kwa muda mrefu na kwa Kiswahili kizuri. Alisema inamuuma. Alisema umaskini si kosa ila tamaa ni kosa. Alisema watoto wa kidato cha nne wamepoteza alama zao kwa sababu ya mtu mmoja. Wazazi wakaguna, na guno lile likapita juu ya kichwa cha Tabita aliyeketi benchi la mbele kati ya Anyosisye na Jofrey, kama tayari ni mfungwa.

Mzee Osea akamruhusu aseme. Tabita akasimama, akasema hana hotuba. Anaomba jambo moja tu, boksi liletwe hapa, lifunguliwe, watu waone.

Mkuu akainuka haraka. Akauliza stika ikichanwa nani atawajibika.

"Andikeni jina langu," Tabita akasema. "Mmeshazoea kuliandika."

Watu wengine wakacheka, na Mzee Osea, ambaye alikuwa ameanza kuona baridi, akasema liletwe. Boksi likaletwa, kioo na kibodi vikawekwa mezani, waya mrefu wa umeme ukavutwa kutoka ofisini. Gasper akapiga magoti mbele ya boksi, na kabla ya kuligusa akawaita wazee watatu waje wapapase stika kwa vidole vyao. Wakapapasa. Nzima, haina hata mkwaruzo. Gasper akawauliza kama ng'ombe akiibwa na kufuli la zizi likakutwa limefungwa, wao hutafuta mwizi wapi. Mzee mmoja alirudi kukaa akitikisa kichwa.

Stika ikachanwa, mfuniko ukatoka. Gasper akaingiza mkono, akashika kitu bapa, kizito, cha rangi ya fedha, kilichokazwa kwa skrubu nne zenye vumbi la miaka.

"Diski ndiyo hii," akasema.

Kelele zikapanda. Anyosisye alivua kofia. Jofrey alinyoosha shingo, akakitazama kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa amekitafuta kwenye nguo za ndani za mke wa mtu. Na mkuu, je? Mkuu hakusema samahani. Mkuu alisema, bila hata kumeza mate, kwamba basi imeharibiwa. Kama haikuibwa imeharibiwa, na aliyeiharibu ni yule yule. Kuna watu hatia yako wanayo tayari mfukoni, wakikosa ya kwanza wanakutolea ya pili.

Gasper akachomoa nyaya za diski, akazipuliza, akazichomeka tena kwa nguvu. Tabita akawasha. Kioo cheusi, mstari ule ule. Wakabadilisha waya wa kuipelekea diski umeme. Mstari ule ule. Kijasho kikaanza kumtoka Gasper katika baridi ile, na nyuma kuna mtu akasema tuendelee na ajenda. Tabita akaufungua ukurasa wa bluu, akausoma polepole kutoka juu, kama alivyousoma mara kumi wiki ile kichwani mwake. Diski: patupu. Kisomea-sidii: kimo.

"Fundi," akasema, "kisomea-sidii inakiona. Basi waya wa kisomea-sidii ni mzima. Upeleke kwenye diski."

Gasper akamtazama, akatabasamu, akafanya hivyo. Tabita akawasha tena. Safari hii ukurasa wa bluu uliandika, pale pale palipokuwa patupu, jina la diski na ukubwa wake. Akamwambia Mzee Osea asome, na mzee akavaa miwani akasoma kwa sauti, herufi moja moja. Gasper akainua ule waya wa kwanza wa diski, mwekundu, akaupinda kidogo pale shingoni, ukafunguka kama mkia wa panya uliokanyagwa.

"Umekatika hapa. Waya wa kitu kinachokaa mezani haukatiki hivi," akasema. "Hili boksi limesafiri. Limepanda pikipiki au limedondoka."

Mkuu akasema vizuri, jambo limekwisha, tumshukuru Mungu, kompyuta izimwe tuingie ajenda ya chakula cha wanafunzi. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea swichi. Lakini kompyuta nayo ilikuwa ikiendelea kuwaka, na kabla mkono haujafika, kioo kikafunguka.

Picha aliyoiacha Tabita, ya ua la kahawa, haikuwepo. Palikuwa na picha ya mtoto wa mwisho wa Mwalimu Ferdinand, amevaa suti, anakata keki ya rangi ya waridi yenye mshumaa wa namba saba. Chini ya keki palitandikwa kitambaa. Tabita alikijua kabla hajakitazama vizuri, alikuwa amekidarizi usiku na mchana mwezi mzima. Na nyuma ya mtoto, kwenye meza ya sebuleni, kilikaa kioo cha kompyuta chenye namba nne ya shule iliyopakwa rangi nyeupe ubavuni, na spika mbili ndogo, moja huku, moja huku.

Walioketi mbele waliona. Wakawaambia wa nyuma, na habari ikatembea dawati kwa dawati mpaka ikamfikia Brenda. Mzee Osea alitazama picha, akatazama namba kwenye kioo kilicho mezani, akatazama picha tena. Akavua miwani.

"Ni watoto tu," Mwalimu Ferdinand akasema. "Likizo ni ndefu, walitaka kuangalia filamu. Ni jambo la kifamilia. Mama Brenda, tutaongea ofisini, sisi ni watu wazima."

Na ajabu ya Mungu, ilikuwa nusura ipite hivyo. Mzee Osea alishafungua karatasi ya ajenda. Watu walishaanza kujikohoza na kutazama chini, wakiona aibu kwa niaba ya mkubwa, aibu ambayo hakuna aliyeiona kwa niaba ya Tabita siku ile nguo zake zilipopepea kwenye fimbo. Tabita hakukaa.

"Mwizi uliniita mstarini, Mkuu, mwanangu akisikia. Ofisini siji," akasema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Jumatatu utaniondolea neno hilo pale pale mstarini, mbele ya watoto wale wale. Na kwenye daftari lako bado kuna spika mbili juu ya jina langu." Akamgeukia mgambo. "Jofrey, spika umeziona pichani. Safari hii unajua zinavyofanana. Nenda kapekue."

Jofrey alimtazama mtendaji. Mtendaji alitazama kalamu yake. Jofrey akamtazama mkuu, akatazama zile hatua mia mbili mpaka kwenye bati jipya, na miguu yake, ile iliyopanda kilima bila kugeuka nyuma, haikusogea. Mgambo hajui hadidiski, lakini anajua nyumba za kupekua na nyumba zisizopekuliwa.

Ndipo Enesi alipoinuka. Aliinuka kwa shida, akishika bega la Anyosisye, akajifunga kitenge chake upya kiunoni, akakaza fundo.

"Nyumba yangu ilipekuliwa na mlango nilifungua mwenyewe," akasema. "Na mwenzangu asifunge wake."

Alipopita mbele ya Tabita alisimama kidogo, akamshika mkono, akauachia. Halafu akaanza kutembea kuelekea kwenye ile nyumba yenye mapazia. Mwanamke wa pili kuinuka alikuwa yule mama wa kwaya aliyesema habari za dhahabu. Wa tatu na wa nne waliinuka pamoja. Kisha madawati yakaanza kulia moja baada ya jingine, na Mwalimu Ferdinand akabaki amesimama mezani na mkono wake kwenye swichi, asijue tena kama azime au aache.